Rafu ya Mifugo

Mfuko nimeuacha mlangoni, nikapewa kibati nambari kumi na saba.
Ndani mna mabuyu, chaja, na daftari la akiba.
Kalamu ya risasi nimeruhusiwa.
Wino, akasema bawabu, haupiti.

Kompyuta ya katalogi yawaza polepole
kama mtu aliyekumbushwa deni.
Naandika: vugo.
Yanijibu: Je, ulikusudia figo?
Naandika: ngoma. Yaniletea maradhi ya sikio.
Naandika: muziki, nayo yanimwagia piano,
piano, piano kwa mikono minne,
vitabu vizito vya msaada, vya watu wasiojua
kwamba chumvi ya Tudor hula hata pini za karatasi.

Mia saba themanini, orofa ya pili,
chini ya pangaboi lipigalo tatu na kukosa la nne.
Nimepiga magoti nikisoma migongo ya vitabu,
kichwa upande, kama kuku aliyesikia mwewe.
Zaburi zipo. Bendi za shule zipo.
Kipo kitabu chenye pwani yetu juu ya jalada,
na ndani, sura tisa,
hakuna mwanamke hata mmoja aimbaye.

Nyevu wa dawati la marejeo aliyatazama mavumbi ya goti langu.
"Wewe watafuta nini hasa?"
Nikamwambia: pembe. Pembe za nyati zigongwazo kwa vijiti,
wanawake wamemzunguka bi harusi,
Kibokoni, Kuze, zile nyumba ambazo mama akialikwa
pembe yake ilitangulia yeye kufika.
Nasikia kuna mtu aliziandika kwa nota, zamani,
na nakala moja imo humu.
"Pembe," akasema. Akanyamaza. Akacheka kwa pua.
"Njoo."

Si mia saba themanini. Ni mia sita thelathini na sita: ufugaji.
Kati ya dawa za kupe
na mwongozo wa kukata pembe za ndama
kimelala kijitabu chembamba, jalada la kijivu.
Aliyekipanga alikuwa na haraka.
Vugo ni pembe, pembe ni ng'ombe, haya, peleka kwa ng'ombe.
Miaka thelathini na mmoja kimekaa zizini.

Nakifungua. Kutu ya pini imejichorea njia
juu ya mistari mitano.
Nota zimepandwa kwa mkono, nyeusi, wima,
za mtu asiyepata kuvutwa kanga ainuke acheze.
Pigo, pigo, pumziko.
Nahesabu mizani kama nilivyofunzwa mizani ya beti,
kwa vidole, chini ya meza.
Yatoka sawa. Yatoka sawa mno.

Kisha ukurasa wa kumi na nne: vyumba vinne vitupu,
na juu yake, kwa risasi, herufi ndogo zenye haya:
Hapa wanacheka. Sikupata sababu.

Mimi naijua.
Mama alinieleza wiki moja kabla ya harusi yangu,
na hata hivyo hakunieleza yote.
Hapa ndipo somo humwinamia bi harusi sikioni,
na pembe zikashuka, zikagonga ndani kwa ndani,
maneno yasifike barazani kwa waume.
Si kimya kile. Ni pazia.

Kibao ukutani chakataza kuandika vitabuni.
Kibao cha pili chakataza sauti.
Basi nagonga kwa ncha ya risasi, ukingoni mwa meza,
vyumba vinne, chini chini,
na kule dawatini mhuri wa Nyevu,
tarehe, tarehe, tarehe,
waanguka pale pale ninapopumzika.
Huenda hajui. Huenda ajua; kwao Kaloleni pia huoza.

Jumamosi hufunga saa sita na nusu.
Kurasa ishirini na mbili, shilingi tano kila moja.
Ya kumi na nne mashine imeitafuna mara mbili.
"Hizi nazo utalipa," Nyevu akasema.
Nikauliza kitabu kirudi wapi sasa.
"Pale pale, mpaka kamati ikae."
"Hukaa lini?"
Akatazama pangaboi.

Nikakirudisha kwa ng'ombe,
ila sikukisukuma mpaka mwisho:
nimekiacha kimechomoza nje ya safu
upana wa kidole kimoja.